Vipele Mia Nne vya Mashudu

Jumatatu, 6 Juni

Mkutano mbele ya msikiti. Bi Nezha, mhandisi wa nyavu za kunasa maji ya ukungu, kapanda mlimani kutoka mji wa Agadir. Habari mbaya! Ukungu wa msimu huu umebakiza wiki mbili, labda tatu, na tangi la kijiji limejaa nusu tu. Kiangazi kikitukuta hivyo, wasichana watarudi kisimani bondeni na punda na madumu kama zamani. Saa tatu kwenda na kurudi.

Nikamtazama binti yangu Izza. Miaka kumi na miwili. Mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi ni tarehe 27. Kamshika mama yake mkono. Tuda, mke wangu, aliacha shule kwa ajili ya kisima kile kile. Mpaka leo anajua herufi nane tu. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili: niliogopa.

Halafu Bi Nezha akasimulia jambo. Kusini kabisa mwa Afrika, jangwani, yuko mbawakawa anayekunywa ukungu. Anainamisha kichwa, ukungu unashika kwenye vipele vya mgongo wake, matone yanateremka mpaka mdomoni. Hana pampu, hana umeme, hachafui kitu wala hamalizi cha mwenzake. Wataalamu wanamwiga. Akaendelea kusema maneno marefu kuhusu kujaribu kidogo kidogo, kupima, kusubiri. Hayo sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nimeshasikia vipele.

Nyavu zetu sita hazina hata kipele kimoja. Ziko laini kabisa! Na mlinzi wake, shemeji Mahjuba, dada yake Tuda, hajawahi kuwaza hilo. Ufunguo wa tangi unaning'inia shingoni mwake. Akiniona huugonga kwa ukucha. Ting. Miaka mitano iliyopita baraza lilinipa mimi kazi ile kwanza. Nilikataa kwa sababu ya urefu wa nguzo. Na upepo. Na majini. Mahjuba hajanisamehe kwa kukataa, wala mimi sijamsamehe kwa kukubali.

Jumanne, 7 Juni

Nimempata mwalimu! Mbawakawa, nyuma ya zizi la mbuzi la Ami Bihi, mkuu wa baraza letu. Mweusi, mnene, mgongo umetuna. Nilimshika kwa koleo la jikoni, macho nimefumba. Sasa anakaa kwenye kasha la kiberiti.

Izza kaniuliza mbona mdudu huyu alikuwa anasukuma kibonge cha mavi ya mbuzi. Nikamwambia ni mazoezi ya mwili. Kaniangalia. Ana macho ya shangazi yake, bahati mbaya.

Jaribio la kwanza: nimemfukizia mvuke wa birika la chai. Kaanguka chali, miguu sita juu. Nilidhani amekufa, nikatoka mbio mpaka uani. Kumbe mzima. Nikaandika: mwalimu anapenda unyevu.

Alhamisi, 9 Juni

Vipele vitengenezwe kwa nini? Nta hatuna. Lami inanuka. Nimekaa nikiwatazama Tuda na jirani zake wakisaga kokwa za mti wa argani na kukamua mafuta, nikaona jibu limelala kwenye sinia. Mashudu! Mashudu ya argani, yaliyobaki baada ya mafuta. Unayafinyanga upendavyo, yakikauka yanakuwa magumu kama jiwe. Tena ni taka, tunaifanya mali. Bi Nezha mwenyewe angenipigia makofi.

Nimefinyanga vipele mia nne, kila kimoja sawa na punje ya njegere. Nimeficha kwenye gunia la shayiri.

Izza kaingia ghafla. Kauliza: kwani baba, mbuzi si hula mashudu? Nikamwambia mbuzi wako zizini, nyavu ziko mlimani, na tangu lini mbuzi akawa na shughuli na ukungu? Kasema haya. Kachukua kitabu chake akaondoka. Ile "haya" sikuipenda.

Ijumaa, 10 Juni

Imekwisha. Niko hai. Samahani kwa mwandiko.

Nilichagua saa ya sala ya Ijumaa, wanaume wote msikitini, wanawake wote jikoni wakipika kuskusi. Nilisingizia kuumwa tumbo. Kuikosa Ijumaa kwa uongo! Njia nzima nilihesabu adhabu zangu. Halafu ukungu ukashuka, mzito, sioni hata viatu vyangu. Bibi yangu alituambia majini hupenda ukungu kwa sababu hawana haja ya kujificha.

Na kweli nikasikia kikohozi. Nyuma ya mwamba. Nikasimama, kikasimama. Nikatembea, kikanifuata. Nilisoma Ayatul Kursi mara kumi na moja na huku nabandika vipele, bado vibichi, kwa kidole gumba. Kikohozi kilibaki pale pale, kinasikiliza. Nyavu tatu nimezimaliza, mpaka pale mkono unapofika. Juu zaidi ya hapo kulihitaji ngazi, na ngazi mimi hapana.

Matone yalianza kushika kwenye vipele hata kabla sijaondoka. Niliyaona kwa macho yangu! Nililia kidogo.

Jumamosi, 11 Juni

Asubuhi nzuri, mchana wa msiba.

Chai ya asubuhi ilikuwa na utando mwembamba wa mafuta juu yake. Ami Bihi, aliyepita kunisalimia, kapiga funda la kwanza, kafumba macho, kasema maji ya leo yana baraka. Kaomba glasi ya pili! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijitaje. Ningejitaja! Mlango ukafunguliwa. Mahjuba, hana pumzi, kilemba kimeanguka mabegani. Kasema njooni, mbuzi wanakula mlima.

Tulipanda wote. Sitasahau. Mbuzi kumi na moja wa Ami Bihi juu ya nyavu. Mbuzi wetu hupanda miargani tangu wakiwa wachanga, na kwao wavu unaonuka argani ni mti tu, tena usio na miba. Walikuwa wamejipanga mistari, wanatafuna. Nyavu tatu zimechanika toka juu mpaka chini, nguzo moja imelala. Beberu wao, yule mwenye ndevu tunayemwita Kadhi, alikuwa amenasa pembe, ananing'inia, anakohoa.

Kikohozi kile kile!

Kadhi alinitazama mimi tu, kati ya watu wote wale. Nilijua akipata nafasi ya kusema atataja jina langu na la marehemu baba yangu.

Jumapili, 12 Juni

Baraza limekaa. Ami Bihi kavua kilemba mbele ya watu, kichwa cheupe, kasema mbuzi ni wake na aibu ni yake. Mzee wa miaka sabini na nne. Kasema atawahamishia kwa mwanawe nyuma ya mlima, hata Kadhi, ambaye hulala mlangoni kwake.

Mimi nilikuwa safu ya pili. Nilijiambia nitasema baada ya kahawa. Kisha baada ya dua. Watu wakaondoka.

Mafuta yameingia tangini, yanaganda kwenye mfereji, lazima tangi limwagwe na kusuguliwa. Nyavu tatu zilizobaki hazitoshi hata nusu ya kijiji. Kwa hiyo kuanzia kesho kila nyumba itatoa msichana mmoja aende kisimani.

Nyumba yangu ina msichana mmoja.

Jumatatu, 13 Juni

Izza kaondoka alfajiri na punda, madumu manne, kitabu cha hesabu kifuani. Karudi jua limepanda. Shule ilikuwa imeshaanza kitambo. Kala mkate wa shayiri nusu, akalala kichwa kiko karibu na bakuli la amlu, ule uji mzito wa lozi, asali na mafuta ya argani. Viganja vina malengelenge ya kamba.

Kwa nini sikwenda mimi? Nimejiuliza siku nzima. Kisima kile kina ngazi arobaini zenye utelezi. Kina vyura. Na mwanamume hachoti maji pale, wanawake watanicheka. Ni sababu tatu. Nimezisoma tena, hakuna hata moja ya kumwambia Tuda.

Jioni Mahjuba kaja. Hakugonga ufunguo safari hii, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Kakaa, kanywa chai, halafu kaweka kitu kidogo juu ya sinia, karibu na glasi yangu. Kipele. Kigumu, kizima, chenye alama ya kidole gumba.

"Shemeji," kasema, "mbuzi siku hizi wanafinyanga?"

Nikacheka. Kicheko kilitoka kama cha mtu anayebanwa na mlango. Nikasema ajabu kweli. Kasema ndiyo, ajabu, na baraza limeona ajabu hiyo pia. Alhamisi wakuu wote wa nyumba wataapa kaburini kwa Sidi Wafella, walii wetu, kwamba hawakuzigusa nyavu.

Nimeficha kidole gumba ndani ya ngumi tangu saa ile.

Jumatano, 15 Juni

Kwa Sidi Wafella hakuna mzaha. Ndugu yake babu aliapa uongo pale kuhusu mpaka wa shamba, mdomo ukapinda, akafa nao umepinda. Mwingine aliapa kuhusu jogoo. Jogoo! Alipofika nyumbani nyumba ilikuwa imeanguka.

Nimefikiria njia za kupita.

Kuapa kwamba mkono wangu wa kulia haukubandika kitu. Lakini ulibandika. Wa kushoto pia. Kuugua. Lakini tumbo nimeshalitumia Ijumaa. Kuhama. Wapi?

Halafu, wakati nakoroga uji, nikaipata! Nitaapa: "Naapa sikuzichana nyavu." Kweli tupu! Waliochana ni mbuzi. Walii hana la kusema. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Sauti inatoka kama ya kifaranga, lakini maneno yamenyooka.

Tuda kauliza nasema na nani. Nikasema nasali. Kaniambia, bila ukali, kwamba Izza jana kamwuliza kama mtu anaweza kufanya mtihani mwaka mwingine. Kisha karudi kwenye kazi zake. Nilitamani anitukane.

Alhamisi, 16 Juni

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi, na ni mchana wa joto.

Tulijipanga mbele ya kaburi. Wanawake na watoto mlangoni. Nilikuwa nimemchukua mwalimu mfukoni ndani ya kiberiti chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nami tangu mwanzo. Ami Bihi aliapa wa kwanza. Alilia. Kila mtu akaweka mkono kwenye kitambaa cha kijani, akasema, akapita.

Zamu yangu. Nikaweka mkono. Nikaanza, "Naapa sikuzi—"

Kitu kikanishika shingo.

Vidole. Vidogo, baridi, vyenye kucha, vinapanda ndani ya kola kuelekea sikioni. Sidi Wafella mwenyewe! Nilipiga ukelele ambao nasikia umesikika mpaka barabarani. Nikasema yote. Mashudu, vipele mia nne, sala ya Ijumaa, tumbo la uongo. Nikasema na yasiyoulizwa: tini zilizopotea kwenye paa la Mahjuba msimu uliopita, na ile ngazi ya msikiti niliyoivunja nikasema ni upepo. Nikapiga magoti, nikaomba mdomo usipinde.

Mahjuba akaja, akatia mkono kwenye kola yangu, akatoa mbawakawa. Kasha la kiberiti lilikuwa wazi mfukoni.

Walicheka! Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta wa kaburi. Izza peke yake hakucheka. Kasogea, kamtazama yule mdudu kiganjani mwa shangazi yake, kaniambia taratibu, "Baba, huyu hanywi ukungu. Huyu ni wa mavi."

Na Ami Bihi hakucheka. Kasema tu kwamba nilimwacha mzee abebe aibu yangu siku nne. Hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Hukumu ya baraza. Nitawalisha wazee kwa kondoo wangu mwenyewe. Mbuzi wanarudi, na nitamwomba radhi Ami Bihi mlangoni kwake, mbele ya Kadhi. Kuanzia kesho nachota maji ya kijiji kizima mimi na punda, wasichana warudi shule. Nitashona nyavu kwa mikono yangu, juu ya nguzo, chini ya amri ya Mahjuba. Na nimeapa, mkono kwenye kitambaa, kwamba sitaongeza kitu chochote kwenye wavu wala kufuga mbawakawa maisha yangu yote.

Nimeapa kwa moyo. Mdomo haujapinda. Nimeutazama kwenye kioo mara sita.

Jumamosi, 18 Juni

Kisima. Safari nne kutwa. Chura mmoja alinirukia kwenye ngazi ya thelathini na mbili, nikateremka nane zilizobaki kwa makalio. Wanawake wa kijiji cha jirani wananiita Bwana Vipele. Mmoja kaniuliza kama natibu na chunusi.

Nilipopanda na madumu ya mwisho nikamwona Izza juu ya paa, amekaa kivulini, anasoma kwa sauti. Tuda yuko pembeni yake, anaifuata mistari kwa kidole. Nilisimama pale na punda muda mrefu. Punda naye alisimama.

Jumatano, 22 Juni

Juu ya nguzo! Mimi! Mita nne! Nilishona macho nimefumba mpaka Mahjuba, aliyeshika kamba chini, akapaza sauti: "Fumbua macho, shemeji, unashona shati lako!" Kweli nilikuwa nimelishona. Wamelikata kwa mkasi.

Bi Nezha kaja. Niliogopa atanipiga, lakini kakaa kwenye jiwe na kunipa machungwa. Kasema kosa langu si kumwiga mdudu. Kosa ni kwamba mdudu yule amejirekebisha kwa miaka mingi isiyohesabika, mimi nilitumia siku nne, na sikuuliza nani mwingine anaishi mlimani. Halafu kanionyesha utando wa buibui kati ya mawe mawili, umejaa matone ya ukungu, mazuri mno. Kasema wako buibui wanaokula utando wao wa zamani na kufuma upya, hawatupi kitu. Kisha kanikazia macho, kasema: angalia tu. Kutazama hakudhuru.

Nikaangalia.

Jumamosi, 25 Juni

Nyavu sita zimesimama! Ukungu umeshuka tangu asubuhi na mfereji unaimba. Tangi linapanda. Hakuna msichana wa kwenda kisimani. Ami Bihi kanishika bega, kasema yamepita. Mahjuba kavua ufunguo, kaniwekea mkononi, kahesabu mpaka tatu, kachukua tena. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Kamletea Izza mkoba mpya wa shule kwa ajili ya mtihani, mwekundu, mifuko mitatu. Izza kamkumbatia shangazi yake. Mkoba wa zamani, ule wa bluu, tumeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Mimi na mipango tumeachana. Naandika hapa kwa wino.

Jumatatu, 27 Juni

Siku ya mtihani. Izza na Tuda wameondoka alfajiri na gari la shule kwenda bondeni. Tuda alikuwa na wasiwasi kuliko mtoto. Mimi nimetulia, maana nina jambo la kunishughulisha.

Si mpango. Ni maangalizi. Kiapo changu kilisema mbawakawa, na buibui si mbawakawa, mtu yeyote atakubali. Kilisema nisiongeze kitu kwenye wavu. Mimi sitaongeza. Buibui wataongeza wenyewe. Wakikaa pale juu wakafuma katikati ya matundu, wavu utakuwa ndani ya wavu! Nimekusanya thelathini na wawili tangu Jumatano, wakubwa wakubwa, kwa koleo, na kila mmoja amenipunguzia mwaka wa maisha. Walihitaji mahali panapofungika vizuri na penye hewa. Mkoba wa bluu una zipu nzuri sana.

Nimekwenda sasa hivi kuwapelekea nzi wa chakula.

Mkoba ulioko msumarini ni mwekundu.

Nimeketi. Nimesimama. Nimeketi. Sasa nakumbuka. Leo alfajiri Izza alisema atachukua ule wa zamani, kwa sababu ndio aliokwenda nao shule siku zote, una bahati yake, na mpya utachafuka garini. Kasema vitu vyake vyote ameshavifunga. Mimi nikajibu sawa mwanangu. Nilikuwa nawaza nzi.

Ni saa mbili kasoro dakika saba. Mtihani unaanza saa mbili. Bondeni ni mbali, punda amelala.

Huenda hataufungua. Kwa nini aufungue? Katika mtihani unahitaji nini zaidi ya karatasi na kalamu?

Nimefungua mkoba mwekundu. Kalamu zote ziko hapa, mpya, tatu, alizozifunga jana kwa utepe na kusahau kuzihamisha.

Atafungua. Atazitafuta kalamu, na atafungua.

Ya Rabi! Ya Sidi Wafella! Nasikia ting mlangoni, Mahjuba huyo, kaja kusubiri habari za mtihani pamoja nami. Mrudishe salama, mfaulishe, na mkono wangu huu hapa, kwenye mkoba kwa kuwa kitambaa kiko mbali: naapa sitashika buibui tena mpaka kufa.

Nyuki sikuwataja.